Mama alipona, tumbo langu likabaki India

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, nauza vitenge Kariakoo na naishi Mbagala. Mwezi wa pili nilimsindikiza mama Chennai, kusini mwa India, kwenye upasuaji wa moyo. Tulikaa wiki saba. Mama alipona, sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake. Niliyeharibika ni mimi.

Wiki ya tatu niliamka usiku naharisha maji, natapika, tumbo linasokota. Pale tulipopanga maji yalitoka kwenye tangi la juu ya paa. Ya kunywa tulinunua, ya kupigia mswaki tulichota humo humo. Duka la dawa likanipa vidonge vya siku tatu. Kutapika kukakoma, kuharisha kukapungua lakini hakukuisha. Ni miezi tisa sasa.

Kila asubuhi naenda chooni mara tatu au nne kabla sijatoka nyumbani, na nikila mchana narudi tena. Usiku silali vibaya, siamki kwenda choo. Damu sijaiona. Tumbo linajaa kama ngoma na linanguruma mpaka mteja anasikia. Choo kimepauka, kinanuka kuliko kawaida na kinaelea. Namwaga ndoo mbili bado kimeng'ang'ania. Nimetoka kilo 71 hadi 64. Tangu miezi miwili iliyopita vidole vya miguu vina ganzi, usiku ni kama natembewa na siafu.

Nimepima zahanati tatu. Ya kwanza waliona amiba, ya pili taifodi, ya tatu amiba na taifodi. Nimemeza Flagyl raundi sita, kila raundi vidonge viwili vya miligramu 200 kutwa mara tatu kwa siku saba, na siprofloksasini raundi nne. Kila mara napata nafuu siku nne au tano, halafu hali inarudi pale pale. VVU nilipima mara ya mwisho kliniki ya uzazi, miaka minne imepita, sikuwa navyo.

Mama mkwe ananipa sanamaki kila Ijumaa nisafishe tumbo. Dada yangu anasema nimetupiwa kitu. Mume wangu anasema ni mawazo. Kwa woga nimebaki na vyakula laini tu: mkate, chai ya maziwa, uji wa ngano na ugali mweupe. Je, nirudi India wanipime? Na kwenye daladala nifanyeje? Nimeshashuka njiani mara tatu kutafuta choo cha kulipia.

Niliyechoka, Mbagala

JIBU

Marahaba, dada. Pole ya kuuguza, na pole ya kuugua.

Usirudi India, na usinunue raundi ya saba ya Flagyl. Vipimo unavyohitaji vinapatikana Dar es Salaam. Barua yako ina mambo mawili yanayokutoa kwenye kundi la watu ambao tumbo lao limechelewa tu kutulia baada ya safari: kilo zilizopotea na ganzi ya vidole. Kilo 7 kati ya 71 ni karibu asilimia 10 ya uzito wako. Mtu asiyejinyima makusudi akipoteza asilimia 5 tu, inatosha kumpeleka kwa daktari wa magonjwa ya ndani.

Tuanze na ganzi, kwa sababu ndiyo isiyopenda kusubiri. Hesabu dawa zako mwenyewe: vidonge sita kwa siku, siku saba, ni vidonge 42, sawa na gramu 8.4 za metronidazoli, ambayo ndiyo hiyo Flagyl. Mara sita, gramu 50.4. Dawa hii ikivuka jumla ya gramu 42 hivi, hatari ya kuumiza mishipa ya fahamu hupanda, na huanzia kwenye vidole vya miguu kama ulivyoeleza. Mshukiwa wa pili ni upungufu wa vitamini B12, ambayo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Akiba yake kwenye ini huchukua muda mrefu kuisha, ndiyo maana mimi naitazama Flagyl kwanza. Ila B12 lazima ipimwe, na damu itolewe kabla hujameza vidonge vyovyote vya kuongeza damu. Vingi vina asidi ya foliki, na foliki ikiingia peke yake kwa mtu aliyepungukiwa B12 hurekebisha picha ya damu huku mishipa ikiendelea kuharibika kimyakimya. Ganzi ya Flagyl kwa kawaida hupungua dawa ikisimamishwa, ingawa huchukua wiki hadi miezi. Ganzi ya B12 hutibiwa kwa sindano, na ikicheleweshwa sana huacha alama.

Sasa choo. Choo kilichopauka, kinachonuka sana, kinachoelea na kuganda ukutani kinatia shaka ya mafuta ambayo hayakufyonzwa. Kuelea peke yake si ushahidi, gesi pia huelesha choo. Lakini ukijumlisha na uzito unaoshuka, macho yanaelekea utumbo mwembamba. Ndani yake umefunikwa na vinyweleo vidogo mno, kama uso wa taulo, na hapo ndipo chakula kinapofyonzwa. Nyuzi za taulo zikilala au zikichakaa, chakula kinapita, kinafika utumbo mpana kikiwa bado kina sukari na mafuta, bakteria wanakifanyia sherehe. Ngoma na ngurumo unazosikia ni hao.

Kwa mtu aliyekaa wiki saba kusini mwa India, wawili huchakaza taulo hilo hasa. Wa kwanza ni giadia, kimelea cha maji machafu. Maji ya mswaki yanatosha kabisa kukiingiza. Dawa yake ya kawaida ni hiyo hiyo metronidazoli, na hapa wengi hujiuliza: mbona nimemeza sana? Jibu ni kwamba giadia isiyosikia metronidazoli imeripotiwa sana kwa wasafiri waliotoka India. Nafuu ya siku chache kisha kurudi inaendana na kimelea kilichopunguzwa bila kumalizwa, japo haithibitishi. Wa pili ni spruu ya tropiki, ugonjwa wa utumbo mwembamba unaojulikana sana India, Asia ya kusini mashariki na visiwa vya Karibi, na huku kwetu ni nadra. Kwa kawaida humpata mkazi au mgeni aliyekaa zaidi ya mwezi. Kwa sababu ni nadra hapa, daktari anaweza asiuwaze kabisa, kwa hiyo sentensi ya kwanza ukiingia chumba cha daktari iwe: "Nilikaa wiki saba Chennai, nikaanza kuharisha huko." Usiianze na taifodi.

Taifodi kwa kweli tuiache hapo. Ni homa, homa ya siku nyingi, wala si kuharisha kwa miezi tisa bila homa. Kipimo cha taifodi kiitwacho Widal huangalia kingamwili, na kingamwili hubaki baada ya ugonjwa wa zamani au chanjo, tena hujitokeza hata kwa maambukizi mengine. Ukipima mara kumi utaipata "taifodi" mara kadhaa. Amiba nayo ina mkanganyiko wake. Chini ya hadubini, amiba anayeumiza na ndugu yake asiyemdhuru mtu wanafanana kabisa. Wa kuwatenganisha ni kipimo cha antijeni au cha vinasaba. Na hata angekuwa yule mbaya, Flagyl huua walio kwenye ukuta wa utumbo na kuwaacha wenye magamba ndani ya choo. Inatakiwa ifuatiwe na dawa ya kuwamaliza hao, kama diloksanidi miligramu 500 mara tatu kwa siku 10. Raundi sita bila kufuatiwa na dawa hiyo hata mara moja si tiba ya amiba.

Kipimo cha choo kifanyike upya, na safari hii kwa mpango. Toa sampuli tatu siku tofauti, ukiruka siku moja kati yake, kwa sababu giadia hatoki kila siku. Sampuli moja chini ya hadubini humkosa mara nyingi. Kaa angalau wiki mbili bila antibayotiki kabla ya sampuli ya kwanza. Chooni kwako, kama ni cha kuchuchumaa, tandika mfuko safi wa nailoni au weka beseni kavu ili choo kisiguse maji wala mkojo, halafu chota kiasi cha kijiko cha chai, hasa sehemu yenye ute. Choo cha majimaji kifike maabara ndani ya nusu saa, chenye umbo kama uji mzito ndani ya saa moja. Ukitoka nacho Mbagala kwenye foleni ya asubuhi mpaka mjini, vimelea hai vimeshakufa na majibu yatakuja "hakuna kitu". Afadhali ukitoe hapo hapo hospitalini, na kwa kuwa kila asubuhi haja hukushika mara kadhaa, hilo halitakusumbua. Omba mambo mawili kwa majina: antijeni ya giadia na ya kimelea mwingine aitwaye kriptosporidi, na rangi maalumu ya kutafuta vimelea vya kriptosporidi, saiklospora na isospora. Kuangalia choo kwa kawaida hakuwaonyeshi vizuri hao watatu. Na kwa kuwa umemeza siprofloksasini raundi nne, daktari aongeze kipimo cha sumu ya klostridia, bakteria anayechipuka antibayotiki zikishafyeka wenzake.

Damu ipimwe picha kamili pamoja na ukubwa wa chembe nyekundu na idadi ya eosinofili (aina ya chembe nyeupe), B12, foliki, madini ya chuma, albumini, sukari na tezi ya shingo. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi huharisha na kukondesha, na haihusiani na India hata kidogo. VVU rudia, miaka minne ni mingi, na kuharisha kwa muda mrefu pamoja na kukonda kunakidai kipimo hicho kwa mtu yeyote. Eosinofili zikiwa juu, atafute minyoo aina ya strongiloidi, na kichocho cha tumbo kama uliwahi kuishi kanda ya ziwa na kuoga ziwani. Kipo pia kipimo cha kingamwili cha tTG kwa ugonjwa wa siliaki, ambapo ngano huharibu utumbo. Huku si wa kawaida, lakini kipimo chake kina sharti moja: uwe bado unakula ngano. Ndiyo maana mkate usiuache leo. Uache baada ya damu kutolewa na, kama utahitaji kamera ninayoitaja hapa chini, baada ya hiyo pia.

Hayo yakikosa jibu na kilo bado zinashuka, itahitajika kamera ya mdomoni, na daktari achukue vinyama vidogo visivyopungua vinne kwenye utumbo mwembamba hata kama macho yake hayaoni tatizo. Uliza kabla hujalala kitandani: "Mtachukua vinyama vya utumbo, au mtaangalia tumbo tu?" Wengi hurudi na karatasi ya "vidonda vya tumbo" kwa sababu kamera iliishia kwenye mfuko wa tumbo. Muhimbili wana kitengo cha magonjwa haya.

Majibu yatakupeleka njia tofauti. Ikiwa ni giadia, dawa ibadilishwe jamii, isirudiwe ile ile: albendazoli miligramu 400 kwa siku kwa siku 5, au nitazoksanidi miligramu 500 mara mbili kwa siku 3, daktari akiamua kulingana na ganzi yako. Watoto nao wapimwe, maana mtoto anaweza kukibeba bila kuugua na kukurudishia. Maji yachemshwe yatokote dakika nzima. Dawa ya klorini ya kutia kwenye ndoo ni nzuri kwa kipindupindu, lakini giadia huivumilia kiasi, na kriptosporidi haijali kabisa. Ikiwa ni spruu, tiba ni asidi ya foliki miligramu 5 kwa siku, sindano za B12, na tetrasaiklini au doksisaiklini kwa miezi mitatu hadi sita. Ni muda mrefu, na watu huacha mwezi wa kwanza kwa kuwa wamenenepa. Kabla ya albendazoli au doksisaiklini, hakikisha huna mimba.

Inawezekana pia kila kitu kikaja safi. Hapo tunazungumzia utumbo uliobaki mwepesi kushtuka baada ya maambukizi kuisha: mishipa yake inahisi gesi ndogo kama jiwe, na misuli yake inasukuma kabla ya wakati. Huu si ugonjwa wa kubuni. Mwaka 2000 maji ya mji wa Walkerton, Kanada, yalichafuliwa na bakteria, watu wapatao 2,300 wakaugua na 7 wakafa. Waliofuatiliwa walionyesha kwamba miaka miwili hadi mitatu baadaye kama asilimia 28 ya waliougua walikuwa na tumbo la namna hii. Baada ya miaka minane ilikuwa asilimia 15. Bergen, Norway, ambako giadia iliingia kwenye maji ya bomba mwaka 2004, miaka mitatu baadaye ilikuwa asilimia 46 ya waliougua, dhidi ya 14 ya wasiougua. Msomee mume wako aya hii. Mawazo huchochea utumbo kama huo, hilo hatukatai, ila hayakuuwasha. Lakini kumbuka: utumbo wa aina hiyo hauchukui kilo saba wala haupaushi choo. Asikupachike jina hilo mtu yeyote kabla ya vipimo nilivyovitaja.

Chakula nacho umechagua kinyume. Umeacha mboga na samaki, ukabaki na maziwa na ngano, ambavyo ndivyo vinavyotia gesi zaidi. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vile vinyweleo, kwa hiyo ndicho cha kwanza kupotea. Leo hii acha maziwa yote kwa siku 14, hata yale ya kwenye chai na uji. Siku ya 15, asubuhi kabla ya kula, kunywa glasi moja ya mililita 250, yenye takriban gramu 12 za sukari hiyo, na uangalie saa yako. Tumbo likijaa na kukimbiza ndani ya nusu saa hadi saa tatu, umepata jibu bila kulipia. Mtindi wengi huuvumilia, kwani bakteria wameshakula sehemu ya sukari yake. Kwa mifupa yako, dagaa wanaoliwa wazima wanatosha.

Sahani ya wiki nne zijazo, mbali na mkate unaosubiri vipimo, iwe wali au ugali, viazi mviringo, ndizi mbichi za kupika, samaki, mayai, kuku, mchicha, karoti, biringanya. Matunda papai, chungwa au nanasi, kipande kimoja kwa mlo. Pumzisha maharage, embe, tikiti maji, asali, soda na juisi za pakiti. Kitunguu ndicho mtihani, maana mchuzi wetu hauanzi bila yeye. Sukari yake inayotia gesi huyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Kaanga vipande vikubwa kwenye mafuta peke yake mpaka vinukie, vitoe vyote, ndipo utie nyanya. Ukitia nyanya kitunguu kikiwa bado ndani, umeshachelewa. Baada ya wiki nne rudisha kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu, maana kujinyima moja kwa moja kutakumalizia hizo 64.

Sanamaki, acha leo. Ni dawa ya kuendesha. Kazi yake ni kulazimisha utumbo mpana usukume. Mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba daktari amekataza mpaka vipimo viishe. Ukitaka kitu cha kushika choo, maduka ya Kihindi ya mjini huuza isabgol, maganda ya mbegu yanayovimba majini: anza kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, unywe papo hapo kabla hakijaganda, na usiongeze kabla ya wiki moja.

Ukiona damu, homa za jioni na jasho la usiku, ukianza kuamka usiku kwa ajili ya choo, au tumbo likivimba na kubaki limevimba, usisubiri miadi. Kifua kikuu cha utumbo huja hivyo, na kipo India na kipo kwetu.

Daladala sasa. Chakula cha kwanza cha siku huamsha utumbo mpana, na wako unaamka kwa fujo. Kunywa chai ya rangi na kula kitu kidogo saa kumi na moja kasoro, ndipo utumbo umalize kelele zake ukiwa nyumbani, na uondoke baada ya saa moja na nusu. Siku ya mzigo au msiba, kidonge kimoja cha loperamidi cha miligramu 2 dakika 45 kabla ya kutoka kinakubalika, mradi hakuna damu wala homa. Lakini usikimeze siku mbili kabla ya kutoa sampuli ya choo, la sivyo utafika maabara na kopo tupu.